Makaburi ya Mbwa wa Wendlow

Peramiho, Songea
24 Juni 2024

Mtani wangu Nickson,

Salamu kutoka Ungoni. Ningekuwa na moyo ningeanza kwa kukuuliza kama mbwa wa Thamesmead bado wanatembea kwa amani tangu wewe Mhehe mla mbwa uhamie kwao. Leo sina moyo huo, uniwie radhi.

Mama yetu amefariki. Jumanne iliyopita asubuhi alikwenda kuchuma majani ya maboga, akarudi akilalamika kifua, akajilaza, hakuamka tena. Tulimzika Ijumaa kando ya Baba. Watani walifanya kazi yao yote. Mhehe mmoja, mwalimu wa sekondari, alijifunga khanga ya Mama, akashika fimbo yake, akazunguka uani kwa mwendo wake, mkono sikioni, akimfokea kila mtu: "Sema juu, sisikii." Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Nilitamani dada yangu angekuwapo aone.

Placida hajui. Unajua alifanyiwa upasuaji Aprili, na nguvu hazijamrudia. Lakini si hilo tu. Baba alipofariki miaka minne iliyopita nilimtumia ujumbe wa simu: Baba amefariki, mazishi kesho. Aliusoma akiwa peke yake kwenye kituo cha basi, pale Woolwich mbele ya soko, akaanguka. Watu asiowajua ndio waliompa maji. Baadaye aliniambia kwamba hata ng'ombe huchinjwa kwa heshima kuliko nilivyomchinja yeye, na tangu siku hiyo hajanisemesha. Humwandikia Mama tu, kwa sababu masikio ya Mama yalishaikataa simu. Barua zake hupita mkononi mwangu kutoka sanduku la parokia, na jina langu halimo.

Sasa nakuomba wewe. Kwetu habari ya msiba hupelekwa na mtu mwenye miguu, na mtu huyo ni mtani. Mkalishe chini, wawepo wanawake wa kumshika, umwambie kwa kinywa chako. Ukiona heri kungoja apate nguvu, ngoja. Safari hii nataka dada yangu aambiwe kama mtu aliyezaliwa na watu.

Wako katika majonzi,
Cosmas Ngonyani


Thamesmead, London
2 Julai 2024

Ndugu yangu Cosmas,

Kamwene. Barua pepe yako niliisoma nikiwa nimekwisha kuvaa sare. Niliivua, nikawaambia kazini siji.

Mwaka juzi nilipomletea Mama ile miwani kutoka kwa Placida alinichinjia kuku. Akatangaza, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba ananilisha kuku ili nipumzike ile nyama niliyoizoea. Nilikula nikamaliza. Pole sana, ndugu yangu. Poleni nyote.

Kazi nimeipokea. Nimemweleza Vaileth, mwenyekiti wa umoja wetu wa Watanzania hapa, na yeye peke yake. Placida bado anatembea ameshika tumbo. Tarehe ishirini umoja unakwenda kutembelea Wendlow, jumba la kale la mabwana lenye msitu wake, mpakani mwa London na Kent. Placida alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Vaileth anasema tumwache aende, aone vitu, ale chakula akiwa na wenzake, kisha wanawake wamzunguke pale pale kwenye nyasi nami niseme. Anasema mtu haambiwi msiba akiwa na njaa, wala hapewi habari hiyo kisha akaachwa kwenye fleti ghorofa ya tisa na ukuta. Naona ana haki.

Shida yangu ni kukutana naye kabla ya siku hiyo. Huku mtaa mmoja, duka moja. Nikimwona nitasema nini?

Mtani wako,
Nickson Kalinga


Thamesmead
6 Julai 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kidonda kimefunga vizuri, usinywe dawa kwa niaba yangu. Nimeanza tena kula ugali wa nguvu, na nimerudi kazini siku mbilimbili kwa wiki.

Sasa kaa chini usikie. Karatasi zangu zimetoka. Baada ya miaka kumi na mmoja ninaweza kutoka nchi hii na kurudi bila kumwogopa mtu wa uhamiaji dirishani. Sikulala juu ya habari hiyo, nilikata tiketi siku ile ile: tarehe kumi na tatu Desemba nitakuwa Songea. Usichinje kitu. Nataka majani yako ya maboga na karanga, nataka unifokee nimekonda, halafu nilale chumbani kwako kama zamani, hata ukikoroma.

Yule Mhehe wetu, Nickson, nadhani anaumwa. Jana alinikuta Woolwich nachagua dagaa, akanisalimia "habari za asubuhi, dada", akanibebea mfuko mpaka kituoni. Miaka saba namjua, hajawahi kunibebea kitu isipokuwa maneno. Nilimwambia dagaa hawa si wale panya mnaosema Wangoni tunakula, asiogope kuwashika. Hakujibu.

Wiki mbili zijazo umoja wetu unakwenda kuona jumba la mabwana wa zamani. Nitakueleza kila kitu, wewe uliyependa kujua wazungu wanaweka nini vyumbani.

Na Cosmas mwambie... hapana, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe nikifika. Imetosha sasa.

Mwanao,
Placida


Thamesmead
21 Julai 2024

Cosmas,

Nimeshindwa, ndugu yangu. Nakuandikia kwa aibu.

Tulikwenda jana. Tulizunguka jumba, tukatoka, tukala pilau ya Vaileth kwenye nyasi, wanawake wakajipanga kama tulivyoagana. Kabla sijafungua kinywa Placida akainuka akasema, "Mtani, nipeleke nione msitu." Nikamfuata nikijua wengine wanakuja. Kumbe kila mmoja alidhani tunarudi sasa hivi, wakabaki wanakusanya sahani.

Ndani ya msitu tukafika mahali wenye jumba walipozika mbwa wao. Naam, makaburi ya mbwa, yenye mawe, majina na miaka. Placida alicheka mpaka akakishika kidonda. Akaniambia, "Mtani, mabwana hawa wamekuwekea akiba, na majina wamekuandikia." Siku nyingine yoyote angenikoma. Jana nilivua kofia. Nikasema, "Dada Placida, kaka yako Cosmas..." Nilitaka kusema kaka yako Cosmas amenituma kwako. Hapo nikageuka nyuma nikaona njia tupu. Hakuna mwanamke hata mmoja wa kumshika. Nikakumbuka kituo cha basi. Nikaishia hapo.

Alinitazama kidogo, kisha akasema turudi, mvua inakuja. Kwenye minibasi alisinzia, au alifumba macho. Sidhani kama alishuku kitu. Jumapili ijayo baada ya misa nitakwenda kwake pamoja na Vaileth na wenzake, na safari hiyo nitasema.

Nisamehe.
Nickson


Thamesmead
21 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na jumba, kwa sababu nilikuahidi, na kwa sababu likija lile jingine sitaweza kuandika tena.

Wendlow ni nyumba ya matofali mekundu, mabomba yake ya moshi huwezi kuyahesabu. Unalipa mlangoni, mama mmoja mzee wa kujitolea anakupokea kama vile umealikwa. Chumba cha chakula meza imeandaliwa watu ishirini, vijiko vimepangwa kwa ukubwa, na hakuna anayekuja kula. Viti vyote wameviwekea ua kavu la miiba juu ya mto. Hawakwambii usikae, wanakuwekea miiba, kisha wanakuchekea kwa adabu. Kule nyuma wanakopita watumishi kuna kengele ukutani, kila moja na jina la chumba chake. Nilisimama pale muda mrefu. Miguu yangu ilinikumbusha kazi yangu ya kutunza wazee: mzee wa chumba cha juu akibonyeza, ninapanda.

Yule mama alitueleza kwamba bwana wa mwisho alikuwa na watoto wa kiume watatu, vita ikawachukua wote, akabaki na mbwa. Alipokufa nyumba ikakosa mtu, ndiyo maana leo tunaingia kwa tiketi. Vaileth alisema, "Vyumba vyote hivi na hakuna wa kufunga mlango jioni." Tukatoka nje.

Msitu wake ungeupenda, Mama. Ni mialoni mikubwa ya watu wanne kushikana mikono, na chini yake majani mabichi yanayofika magotini. Ni baridi na kimya, unasikia nguo zako mwenyewe. Humo ndimo walimowazika wale mbwa, kwa mawe ya kuchonga. Nilimtania Nickson. Mtani aliyeonyeshwa makaburi ya mbwa, Mama, utani wa kukaa nao mwaka mzima. Akavua kofia. Akaniita dada. Akasema, "Kaka yako Cosmas," akashindwa kuendelea.

Basi nikajua. Nikaelewa na ule mfuko wa dagaa. Mhehe haachi kumtania Mngoni mpaka awe amebeba maiti yake.

Usihangaike kunificha tena, Mama. Najua umefanya hivyo kwa ajili ya tumbo langu. Jana jioni nilimpigia Cosmas simu, mara ya kwanza tangu Baba. Nilisema labda nimekosea. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Pole, mama yangu. Kumzika mwanao kwa umri huo. Nani alikushika? Nakumbuka alivyobeba sanduku langu la shule kichwani mpaka Songea mjini, na kurudi jioni akisema njia ilikuwa fupi. Nakumbuka alivyonifundisha baiskeli kwa kunisukuma mtaroni, kisha akalia kabla yangu. Alinitumia ujumbe ule kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa, kijana wa watu, maiti ndani na jeneza halijafika. Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa namsubiri aniombe radhi mara moja tena, na nadhani yeye alikuwa anasubiri nipokee ile ya kwanza.

Na hili nakwambia wewe, maana kwa padre naona haya. Nilipoelewa, pale pale penye mawe ya mbwa, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa kumshukuru Mungu kwamba si wewe. Nilishukuru kabisa, Mama, mwili mzima. Machozi ya Cosmas yalikuja baadaye, nikatembea mbele ili Nickson asinione.

Usiniandikie habari ya kifo chake. Nitaisikia kwako Desemba, tumekaa. Vumilia tu mpaka nije, nakuomba, usinifanyie haraka.

Mwanao,
Placida


Thamesmead
31 Julai 2024

Ndugu Cosmas,

Tulikwenda Jumapili, watu sita, tukabisha mpaka jirani akatoka. Placida hayupo. Amechukua kazi ya kulala huko huko, wiki kadhaa, Harrow, upande wa pili kabisa wa London, anamtunza bibi mmoja wa Kihindi. Vaileth alimpigia, akajibu vizuri tu kwamba anahitaji kuwa mahali pa kimya na kwamba tumwombee. Alisema pia, "Mwambie Nickson nimemwelewa, asijitese."

Sikulipenda neno hilo. Ameelewa nini? Kama amejua habari ya Mama, mbona hakulia kwetu? Na kama hajajua, ananiambia nisijitese kwa lipi? Nieleze unachojua, maana mimi kichwa kimesimama.

Nickson


Peramiho
9 Agosti 2024

Dada yangu Placida,

Ukiwa unaisoma hii, Nickson amekwisha kukwambia kwa kinywa chake, na wanawake wako pembeni yako. Nimemtumia kwa barua pepe aichape, na nimemwapisha asikupe karatasi hii kabla ya hapo. Kwa hiyo unajua kwamba mimi ni mzima, na unajua aliyeondoka ni nani.

Barua yako kwa Mama ilifika jana. Ile ya kwanza, ya tiketi, ilifika wiki mbili kabla yake. Sikuwa na haki ya kuzifungua. Niliifungua ya tiketi kwa sababu nilidhani nitaisoma kaburini kwake, nikaisoma, na kunguru wakanisikiliza. Hii ya pili niliifungua nikiwa nimesimama posta, nikaenda kukaa kwenye ngazi za kanisa. Si kila mtu hupewa nafasi ya kusoma alivyoliliwa. Sikujua unakumbuka lile sanduku. Njia haikuwa fupi, nilidanganya, shingo iliniuma siku tatu.

Zile simu mbili nilikuwa nimezishika mkononi. Niliona jina lako baada ya miaka minne, nikatamani kupokea kuliko kitu chochote. Lakini sauti yangu ingekwambia. Ungeuliza tu "Mama hajambo?" nami ningefanya nini? Nikaiacha iite, na ukimya wangu ukanizika. Nilivyojitahidi nisikosee kama mara ile, nimekosea vibaya zaidi.

Ulisema ulimshukuru Mungu kwamba si Mama. Nilipofika hapo niliumia, sitakudanganya. Nikatembea mpaka kaburini, nikarudi, nikaona kwamba ningeulizwa mimi ningejibu hivyo hivyo. Tungekubaliana kwa mara ya kwanza tangu Baba. Usiungame hilo popote. Liishie kwangu.

Alikwenda upesi, bila kuugua. Asubuhi ile alikuwa amekasirika kwamba mbuzi wa jirani wameingia kwenye maboga. Tumemzika na miwani uliyomtumia, mke wangu ndiye aliyesema amvalishe. Arobaini tulifanya bila wewe, na watu wote waliuliza, nikawajibu unakuja.

Niombee radhi kwako mwenyewe, maana mimi sijui tena njia ya kuomba.

Kaka yako,
Cosmas


Harrow
20 Agosti 2024

Kaka yangu Cosmas,

Shikamoo. Nilikuwa nimeiweka salamu hii kwa muda mrefu, ipokee.

Nakueleza ilivyokuwa, kwa sababu Nickson hatakueleza yote. Walikuja Jumapili ya tarehe kumi na moja mchana, yeye na Vaileth na wanawake wanne waliojifunga khanga, mbele ya nyumba ya Bi Poonam, bibi ninayemtunza, na majirani wakachungulia kwenye mapazia. Nilipowaona kupitia kioo nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema, sasa wamekuja kunipa pole ya Cosmas, nitalia mbele ya watu, nipumzike. Nilikuwa nimelia chooni na kwenye kufua muda wote huo, na bibi wa watu ananiuliza macho yana nini, namwambia vumbi.

Nikawakalisha. Nickson akapiga magoti kwenye zulia, mtu mzima na mwili ule. Kabla hajasema nikamwambia, "Mtani, usijitese. Najua, ni Cosmas." Akainua uso. Akasema, "Cosmas yu hai, dada. Cosmas ndiye aliyenituma."

Nilipiga kigelegele. Nilisimama katikati ya sebule ya watu nikapiga kigelegele, nikasema kaka yangu yu hai, nikawashika mikono mmoja mmoja. Hakuna aliyeshangilia nami. Vaileth alikuwa ananishika kiuno tayari. Ndipo nikaona kwamba watu hawavai khanga na kuvuka London nzima kuja kumwambia mtu kwamba kaka yake ni mzima.

Sikuanguka. Mwambie kila mtu sikuanguka, walinishika vizuri. Bi Poonam alizaliwa Tanga, nilikuwa nimesahau. Alizima televisheni, akasema "poleni" kama mtu wa mtaa wa Ngamiani kwao, akashuka kwenye kiti chake na magoti yake mabovu akakaa chini nasi mpaka jioni. Nickson alipoona nimemaliza sauti alianza kazi yake. Alisema Mama amekufa kwa makusudi baada ya kuota kwamba nakuja kula maboga yake yote. Nilicheka, Cosmas. Nililia vibaya sana na nikacheka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeniomba radhi, nimeipokea, na ile ya mwaka wa Baba nimeipokea pia. Hukukosea kunyamaza. Na Nickson hakukosea. Nimetafuta wa kumlaumu wiki hii nzima na sijampata, na hilo ndilo linalonichosha kuliko yote. Nilikuwa nimebakiwa na Mama, nimempoteza kaka. Mkaja mkabadilisha kwa neno moja, na mimi sikuulizwa. Siku nzima nasahau ni nani niliye naye. Nikishika sufuria najikuta namlilia aliye hai, nikiona duka nanunua kitambaa cha mtu asiyekuwepo.

Tiketi sijaibadilisha. Watu wanasema niende sasa, lakini sasa kuna nini ambacho Desemba hakitakuwapo? Nitafika tarehe ile ile. Usimtume mtoto wala dereva. Uje mwenyewe, usimame mahali peupe, na nikitokea usinikimbilie. Tembea polepole kuja kwangu, nikuone mpaka moyo uridhike, maana wewe nimekwisha kukuzika mara moja.

Kisha unipeleke kwa Mama.

Dada yako,
Placida